Kabati Lililotangulia kwa Mkwe

Mzee Lampert alifariki wakati wa Kwaresima, na kifo chake kiliwaudhi watu wa Riedlach kuliko kilivyowahuzunisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapakia rangi makabati mabibi harusi wa upande wetu wote wa kinamasi: waridi pembeni, Bikira Maria mlango wa kushoto, Mtakatifu Yosefu mlango wa kulia, na jina la mwenye kabati juu. Alipokufa, kabati la Afra Hollerer lilikuwa bado mbao tupu, limesimama bandani kwa baba yake likinuka msonobari. Na harusi ilikuwa imepangwa kiangazi hichohicho, mara tu majani ya ng'ombe yakishaingizwa ghalani.

"Tutalipaka kahawia," alisema Sixtus, baba yake. "Kahawia haijaua mtu."

Afra alikuwa ameshatoka nje. Tangu siku ile baba yake alipopeana mkono na Notburga Thalmayr, mjane wa Moosgrub, kwamba Afra ataolewa na Korbinian, mtoto wa pekee wa mjane yule, msichana alikuwa hakai. Anaanza kukamua, anaacha ndoo katikati. Anakwenda kisimani, anarudi bila maji. Mezani anainuka kabla supu haijapoa.

"Wewe mtoto una sisimizi soksini?" shangazi yake alimuuliza.

Kuhusu Korbinian alijua mambo machache sana. Mrefu, mkimya, anajua kutibu kwato za ng'ombe. Hakuwa na ubaya wowote, na hapo ndipo palipomkaba Afra: ubaya ungempa sababu ya kukataa. Alichokuwa nacho mkononi ni jina la mtu na shamba lake, ng'ambo ya kinamasi.

Kila asubuhi Afra alipeleka maziwa kwenye nyumba ya kando ya reli, alikopanga Bi Ottilie Brandis. Bi Ottilie alikuwa mchoraji kutoka Königsberg, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, anayesema haraka hata watu wetu wakawa wanasikia nusu tu. Picha zake zilikuwa zimekwenda Munich kwenye maonyesho, na waungwana walikuja kuzitemea mate. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia hivyo, tena anacheka. Ndani ya nyumba yake alikuwa amepaka rangi kila kilichosimama. Viti vya buluu, benchi jekundu, kitanda chenye farasi wa manjano ubavuni, ngazi yenye maua yanayopanda mpaka darini. Afra akiingia pale na ndoo yake aliona kama vyombo vyote vinataka kutoka nje. Wengine walisema nyumba ile inatia kizunguzungu. Kwa Afra, hapo ndipo mahali pekee alipopumua.

Siku moja aliweka ndoo chini akasema, "Bi Ottilie, nipakie rangi kabati langu la harusi."

"Mimi? Watakuua."

"Baba atalipaka kahawia, na mie hiyo itaniua polepole. Tafadhali."

Sixtus alikubali kwa shingo upande. Mpaka rangi aliyemzoea alikuwa marehemu, na binti alikuwa amekonda. "Mradi waridi liwepo," alisema, akalipeleka kabati kwa gari mpaka kwenye ukumbi wa nje wa nyumba ya mchoraji, asirudi tena kuangalia, maana majani yalikuwa yameiva na mvua inatishia.

Bi Ottilie alianza na bustani yenye kuku. Alipomaliza, akaifuta yote kwa tambara na tapentaini. Akachora wanawake wawili wanachuma matofaa, akawafuta nao. Alivuta sigara, akazunguka kabati, akalipiga teke.

"Turubai naweza kuigeuzia ukutani nikaisahau," alimwambia Afra. "Hili litakaa na watu. Litakutazama unapovaa. Simama pale nikuone."

Afra alisimama. Kisha akashika nguzo, akaiacha, akachungulia njia, akarudi.

"Simama, we mtoto!"

"Nimesimama."

"Hujasimama hata mara moja tangu nikujue. Na mimi vilevile, niangalie, sigara ya ngapi hii?" Ghafla Bi Ottilie alimkazia macho. "Basi usisimame. Tembea. Tembea huko na huko, usinijali."

Afra akatembea. Akaenda mpaka kwenye ua, akarudi, akaenda tena, na brashi ikaanza kukimbia. Kwenye mlango wa kushoto uliota mlima wa buluu, buluu ile kali inayouma meno. Kwenye mlango wa kulia ilipita njia ya manjano katikati ya kinamasi, na juu yake farasi mwekundu anatimua mbio, amebeba mtu wa nguo nyeupe aliyeinama mbele. Mtu yule hakuwa na uso. Mbavuni kijani kitupu. Juu kabisa, kwa herufi zilizokwenda upande: AFRA, 1911. Waridi lilikuwepo, moja, limeanguka njiani.

Afra alilitazama hadi maziwa ya siku ile yakaganda juani.

Lakini Bi Ottilie hakuwa mtu wa kumaliza kitu. Kila siku alibadilisha: mlima ukapanda, ukashuka, mkia wa farasi ukahama. Asubuhi ya kupeleka mali kwa bwana harusi, Sixtus alipofika na gari lililofungwa utepe na farasi waliosukwa nywele, alimkuta amepiga magoti bado anarekebisha miguu ya nyuma.

Sixtus alivua kofia, akaivaa tena.

"Hii nini?"

"Farasi."

"Mwekundu?"

"Hujawahi kumwona farasi anakimbia jua likiwa linazama?"

"Nimeona farasi maisha yangu yote, bibi. Ni wa kahawia." Akamgeukia binti yake. "Leteni shuka tulifunike."

"Usithubutu!" Bi Ottilie alipiga kelele. "Rangi mbichi! Shuka litanata!"

Hapakuwa na la kufanya. Moosgrub watu walikuwa wameshasimama langoni wanasubiri. Wanaume wanne walilinyanyua kwa kushika chini na nyuma, wakalipandisha kati ya kitanda na gurudumu la kusokotea, na gari likaondoka na kabati wazi kabisa, Afra amekaa juu ya magodoro ya manyoya na mikono yake haijui pa kukaa.

Riedlach nzima ilitoka nje.

"Wee Sixtus! Farasi wako ana homa?"

"Huyo juu uso kausahau wapi?"

"Korbinian atakuta bibi harusi kashatoroka! Mwambieni aandae farasi na yeye!"

Sixtus alitazama masikio ya farasi wake tu. Shangazi alilia. Afra, jambo la ajabu, alihisi moyo wake umeanza kupiga kwa namna asiyoijua, namna isiyo ya woga. Wakavuka kinamasi kwenye joto, nzi na vumbi la majani vikiwafuata, na vyote vikatua kwenye rangi.

Mjane Notburga alikuwa amesimama mlangoni kwa hariri nyeusi na mnyororo wa fedha kifuani. Alikagua mali kama desturi inavyotaka. Kitanda akakigonga kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa: sawa. Shuka za kitani akazisugua kwa vidole: sawa. Ng'ombe aliyefungwa nyuma ya gari akamfunua midomo: sawa. Wakati huo wale wanaume walikuwa wameshalishusha kabati, wamelifikisha kizingitini.

"Na hicho?"

"Kabati la mwanangu, Mama Korbinian," Sixtus alisema kwa sauti ndogo.

"Huyo juu ya farasi ni nani?"

Watu walisogea karibu. Afra akajibu kutoka juu ya magodoro, "Ni mimi, mama."

"Unakwenda wapi?"

Afra alifikiri. "Sijui."

Kicheko kililipuka hadi kuku wakakimbia. Uso wa Notburga ukaiva. "Kitu hiki hakivuki kizingiti changu!" alisema, akaweka viganja vyote viwili kwenye mlima wa buluu na kusukuma kwa nguvu zake zote.

Kabati halikwenda popote. Mikono yake ndiyo iliyokwenda: iliteleza, ikazama, na alipoitoa ilikuwa buluu hadi viungo vya mkono. Kwa mshtuko akajishika kifua, na hariri nayo ikapata sehemu yake. Sasa watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu afiwe na mume, mwanamke yule hakuwahi kuchekwa uani kwake mwenyewe. Alisimama na vidole vimetawanyika, machozi yakimlengalenga.

"Lirudisheni," alisema. "Na aliyelileta arudi nalo."

Korbinian alikuwa kando ya zizi muda wote ule. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa na mafuta kidogo, akashika mkono wa mama yake na kuanza kuusafisha, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama alivyosafisha kwato. Hakuna aliyecheka tena. Alipomaliza mkono wa pili akaenda penye gari.

"Wewe unalitaka hilo kabati?"

"Nalitaka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndilo kitu pekee kwenye gari hili nilichokichagua mwenyewe."

Korbinian alikitazama kitanda, magodoro, ng'ombe. "Na mimi?"

"Wewe alikuchagua baba."

Shangazi alijiziba mdomo kwa aproni. Sixtus alisema, "Afra, kwa jina la Mungu!" Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Afra, aliyekuwa hakai tangu masika, sasa alikaa tuli juu ya magodoro.

"Haya," alisema Korbinian. "Kabati libaki. Rangi haijakauka, likirudi njia ile litaharibika zaidi. Wewe nenda nyumbani. Ukinichagua, nipo."

"Una wazimu?" mama yake alifoka. "Misa ni kesho! Nguruwe wameshachinjwa!"

"Watu watakula, mama. Nyama haijui kama kuna harusi."

Na kweli watu walikula. Vijiji viwili vilikula soseji za harusi isiyokuwepo, wakanywa bia yake, na padri mwenyewe akarudia sahani, ingawa alisema amesikitika. Gari la Sixtus lilirudi na kitanda, magodoro, ng'ombe na bibi harusi. Kabati likabaki Moosgrub.

"Kabati limeolewa," walisema watu Riedlach, "bibi harusi bado anasubiri posa."

Sixtus hakusema na binti yake. Akitaka chumvi alimwambia paka. Afra alifanya kazi za watu wawili na bado hakuchoka. Alifyeka, alisuka kamba, alikwenda hata kuchuma zambarau za mwitu peke yake ukingoni mwa kinamasi, akajikuta amesimama anatazama ng'ambo. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachofurukuta, wala hakukipenda wala hakutaka kiondoke.

Jumapili ya kwanza baada ya mkasa, watu walipotoka kanisani, Korbinian alisimama upande wa pili wa ua wa kina Afra.

"Limekauka mbavuni," alisema. "Milango bado."

"Asante."

Akavaa kofia akaondoka. Jumapili iliyofuata akaja tena.

"Kuna nzi watatu wamekwama mlimani. Na unyasi kwenye mkia wa farasi."

"Hujawatoa?"

"Nilimtoa mmoja. Kaacha mguu."

Afra alicheka kabla hajajizuia. "Mama yako anasemaje?"

"Anakula ameligeuzia mgongo."

"Mmeliweka jikoni?"

"Mlango wa chumbani mwembamba."

Ikawa hivyo. Maneno yake yalikuwa machache lakini aliyaleta kila Jumapili, jua au mvua, na Afra alianza kuisubiri kengele ya mwisho wa misa. Siku moja alimuuliza, "Na wewe, nani alikuchagulia mimi?"

"Mama. Aliniambia una mgongo wa kazi."

"Kumbe hata wewe hukuchagua."

"Mimi nilichagua baadaye." Alikuwa anachokonoa ubao wa ua kwa ukucha. "Pale mama alipokuuliza unakwenda wapi, ukasema hujui. Watu wote pale uani walijifanya wanajua."

Afra aliingia ndani akafua nguo zilizokuwa safi.

Majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, Bi Ottilie alifunga vitu vyake. Riedlach ilikuwa imemchosha. Alitaka Berlin, halafu labda Paris, hakujua. Aliposikia habari ya viganja alishika kichwa.

"Viganja! Kwenye mlima wangu? Na ile miguu ya nyuma nimeiota mara ngapi! Twende, Afra. Nitalirekebisha kabla sijaondoka."

Walivuka kinamasi kwa miguu, Bi Ottilie na sanduku lake la rangi, akivuta sigara na kusema njia nzima. Afra hakuwa amekanyaga Moosgrub tangu siku ile, na kila walivyokaribia hatua zake zilikuwa zinaongezeka mpaka mchoraji akamwomba wapunguze mwendo.

Notburga alikuwa jikoni anamenya viazi. Na hakuwa ameligeuzia kabati mgongo. Alikuwa amekaa akilielekea.

"Bibi, nimekuja kufuta ile alama," alisema Bi Ottilie, ameshafungua sanduku. "Na miguu. Na ikiwezekana mlima wote."

"Alama gani?"

Bi Ottilie alionyesha. Katikati ya buluu palikuwa na viganja viwili, vidole vimeachana, mistari yote inaonekana, hata alama ya pete.

Notburga aliweka kisu chini. "Huo ni mkono wangu. Nani kakuruhusu kuufuta?"

"Lakini si ulilikataa hili kabati?"

"Nililikataa, na hivyo ndivyo nilivyolikataa. Kila anayeingia humu namwonyesha." Akafuta mikono kwenye aproni. "Mume wangu nimeishi naye miaka mingi, hakuna ukuta nyumba hii ulioandikwa kwamba nilipita hapa. Mikono hiyo haifutwi."

"Kazi ni yangu, bibi, na ni mbovu."

"Mbovu sana. Mkono ni wangu."

Bi Ottilie alikuwa ameshachovya brashi. Rangi ilikuwa inaning'inia nchani. Afra akaingia katikati, mgongo wake kwenye mlango wa farasi.

"Iache, Bi Ottilie."

"Afra, nielewe, siwezi kuondoka nikijua..."

"Kabati ni langu. Iache."

Mchoraji alimtazama yeye, akamtazama yule mtu asiye na uso begani kwake. Akaishusha brashi. "Sijawahi kukiacha kitu," alisema, na safari hii alisema taratibu, wote wakamsikia. Alifuta brashi, akafunga sanduku. Notburga akampa kikombe cha mtindi, akaunywa amesimama, macho kabatini.

"Ile miguu ya nyuma siyo," alinung'unika.

"Farasi anakimbia," alisema Notburga. "Nani ataihesabu miguu yake?"

Afra hakusubiri wamalize. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akauliza, akaambiwa Korbinian yuko bondeni anakata nyasi za kulazia mifugo. Alimkuta maji yamemfika vifundoni, tita la nyasi begani.

"Nimekuchagua," alisema, akihema.

Korbinian aliliangusha tita majini.

"Lakini nikuambie mapema," Afra aliendelea, "kukaa kimya mchana kutwa kama wewe mimi siwezi. Wala kukaa mahali pamoja. Nimejaribu. Nitakusumbua."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Mimi nitakaa kimya. Wewe zunguka."

Walioana mwezi wa Novemba, siku ya ukungu. Gari la mali lilipita tena Riedlach na watu wakatoka tena, wakalalamika kwamba safari hii hakuna la kucheka: kitanda, magodoro, ng'ombe yuleyule. Sixtus aliendesha akipiga mluzi. Magodoro yalikuwa hayana mtu juu yake. Afra alikataa kupanda. Alisema akikaa atapasuka, akapandisha sketi yake ya harusi akavuka kinamasi kwa miguu mbele ya farasi, mara kando, mara nyuma, mara anasimama kumwambia shangazi jambo, mara anatangulia hadi ukungu unammeza na baba yake anamwita. Alifika Moosgrub na matope hadi magotini.

Notburga aliyaona kabla hajaona kitu kingine chochote.

"Viatu nje," alisema.

Afra akavivua akaingia na soksi.